Nyumba ya Urithi, Deni la Kaka: Mahakama Ikiamuru Iuzwe, Nani Anabeba Hasara?



Ijumaa moja muhula uliopita, baada ya darsa ya fiqhi, dada mmoja wa mwaka wa pili alibaki nyuma na bahasha ya kaki mkononi. "Ustadhi," akasema, "naomba unisomee hizi. Nyumbani kila mtu ananiambia lake." Bahasha ilikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ni notisi ya benki kwamba nyumba yao ya Jinja itauzwa kwa mnada. Ya pili ni nakala ya kesi: kaka yake wa pili ameiomba mahakama iamuru nyumba hiyo hiyo iuzwe ili kila mrithi apewe chake.

Kisa chenyewe ni kifupi. Baba yao alipofariki aliacha mjane, vijana wawili wa kiume na binti mmoja. Wazazi wa marehemu walikwishatangulia. Familia iligawana kwa Sharia bila ugomvi, na majina yote manne yakaingia kwenye hati ya nyumba. Miaka miwili baadaye kaka mkubwa akatafuta mtaji wa duka lake la vifaa vya ujenzi, benki ikataka dhamana, na mama pamoja na wadogo zake wakatia saini nyumba iwekwe rehani. Walifanya hivyo kwa sababu ni kaka, na kwa sababu wakati huo duka lilikuwa linatembea. Sasa duka limefungwa na deni limefika shilingi milioni 60.

"Mimi siulizi nyumba tena," alisema. "Nauliza ikiuzwa nitapata ngapi, maana ada yangu ya mwakani inatoka humo."

Ami yake alikuwa amekwisha mjibu: deni hulipwa kwanza, kinachobaki ndicho mnagawana, na hivyo ndivyo Qur'ani inavyosema katika Sura ya An-Nisaa. Wazee wengi kikaoni waliitikia kwa vichwa. Ni jibu linalosikika sawa kabisa. Katika kisa hiki si sahihi, na tofauti yake kwa yule binti ni shilingi milioni kumi na nusu. Kwa ruhusa yake naleta suala hili hapa. Nimebadilisha mambo kadhaa ili familia isitambulike, na hesabu nimeziweka katika tarakimu nyepesi.

Deni la nani?

Aya ya 11 na ya 12 za An-Nisaa zinataja mafungu ya warithi na kurudia kwamba mafungu hayo huja baada ya wasia na deni. Deni linalokusudiwa hapo ni la marehemu. Lingekuwa ni baba aliyekopa milioni 60 kabla ya kufa, ami angekuwa amesema kweli: benki ingelipwa kwanza, kwa kuwa mali ya marehemu hubeba madeni yake, na warithi wangegawana kilichobaki. Hapo hakuna wa kunung'unika.

Lakini baba huyu alikufa hana deni. Mafungu yalishagawanywa na kila mmoja akawa mwenye mali kamili katika fungu lake. Mama alipata thumuni. Saba ya nane iliyobaki ikaenda kwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Ukitafuta namba inayogawanyika kwa wote utapata 40: mama 5, kaka mkubwa 14, kaka wa pili 14, binti 7. Miaka miwili baadaye mmoja wao ndiye aliyekopa, kwa biashara yake mwenyewe. Hilo si deni la mirathi. Ni deni la mrithi, na wengine watatu walimwazima mali yao aiweke dhamana.

Suala la kuazima kitu ili kiwekwe rehani limezungumzwa na mafakihi wetu kwa urefu. Katika madh-hab ya Imam Shafi'i, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumesomea, Imam Nawawi anaitaja mas-ala hii katika Minhaj. Inajuzu mtu kuazima kitu ili akiweke rehani, lakini mwenye mali lazima aelezwe ni deni la aina gani, kiasi gani, la sifa gani, na kwa nani. Rehani ikishashikwa na mdai, aliyeazimisha hawezi kugeuka na kusema nirudishieni changu. Na kitu kikiuzwa kulipa deni, mwenye mali anamrudia aliyeazima na kumdai kiasi kilekile kilichopatikana kwa kuuzwa mali yake.

Sheria ya Uganda inafika karibu na hapo kwa njia nyingine. Anayeweka mali yake kwa ajili ya deni la mwenzake husimama mahali pa mdhamini, na Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inamtambua mdhamini aliyelipa kuwa na haki ya kumdai yule aliyemlipia. Kwa hiyo benki hailazimiki kuchagua fungu la nani ianze nalo, kwani nyumba nzima imetiwa saini na deni litakatwa kwenye bei nzima. Ni kati ya ndugu wenyewe ndipo hesabu inapobadilika.

Hesabu mbili za nyumba moja

Tuseme nyumba imeuzwa milioni 210, na gharama za dalali, mthamini na matangazo ni milioni 10. Zimebaki milioni 200.

Hesabu ya ami inakwenda hivi: toa milioni 60 za benki, zinabaki 140. Gawa kwa 40, kila fungu ni milioni tatu na nusu. Mama anapata milioni 17.5, kaka wawili milioni 49 kila mmoja, binti milioni 24.5.

Sasa fanya hesabu ya pili. Gawa kwanza milioni 200 kwa 40, kila fungu ni milioni 5. Mama ana milioni 25, kaka wawili wana milioni 70 kila mmoja, binti ana milioni 35. Kisha ziondoe milioni 60 za benki kwenye fungu la aliyekopa peke yake. Kaka mkubwa anabakiwa na milioni 10. Wengine hawaguswi.

Linganisha mistari hiyo. Kwa hesabu ya ami mama anapoteza milioni 7.5, binti milioni 10.5 na kaka wa pili milioni 21. Jumla ni milioni 39, na hizo zote zimehamia mfukoni mwa kaka mkubwa, ambaye badala ya 10 anaondoka na 49. Hakuna aliyeiba. Wamekaa kikao, wamesoma aya, wamesema amin, na mjane amelipia saruji na mabati ya duka lililofungwa.

Na kama deni lingekuwa milioni 80? Fungu la kaka mkubwa la milioni 70 lingekwisha lote, na milioni 10 zingekatwa kwenye mafungu ya wengine kwa sababu benki lazima ikamilishiwe. Hizo 10 zingebaki deni shingoni mwake kwa ndugu zake. Mahakama inaweza kuzitamka katika hukumu, na hata isipozitamka, kwa Sharia haziondoki mpaka alipe au wamsamehe. Kumsamehe ni hiari ya kila mwenye fungu. Ami hawezi kusamehe kwa niaba ya mjane.

Someni hati kabla ya kugombana

Hesabu yote hiyo inategemea kitu kimoja ambacho familia nyingi hazikitazami: maneno yaliyoandikwa kwenye hati. Chini ya Sheria ya Usajili wa Hati za Ardhi ya Uganda, watu walioandikishwa kwa pamoja bila maelezo zaidi huchukuliwa kuwa wamiliki wasio na mafungu. Maana yake ni kwamba mmoja akifa, sehemu yake huhamia kwa wenzake waliobaki hai. Haiendi kwa warithi wake. Kwa Mwislamu hili ni jambo zito. Kaka akifa leo, watoto wake hawaoni kitu kwenye karatasi, ingawa kwa faraidh wao ndio wenye haki.

Namna ya pili ni umiliki wa mafungu. Hapa kila mmoja ana sehemu yake ndani ya nyumba ambayo haijakatwa, na akifa sehemu hiyo inakwenda kwa warithi wake. Ila napo kuna mtego. Kama mafungu hayakutajwa, sheria inachukulia kuwa ni sawa kwa sawa hadi uletwe ushahidi mwingine. Nyumba ya milioni 200 ingekuwa ya milioni 50 kila mmoja, na mafungu ya 5, 14, 14 na 7 yangebaki kwenye daftari la sheikh aliyegawa. Hati ya familia hii, alhamdulillahi, iliandikwa mafungu. Nendeni mkatazame za kwenu likizo hii.

Njia mbili zinazoelekea mnadani

Karatasi mbili za yule dada zinatoka kwenye njia mbili tofauti, na nimeona hata wanafunzi wa sheria wakizichanganya.

Njia ya benki haihitaji mahakama. Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 inaipa benki uwezo wa kuuza yenyewe, ila kwa hatua. Kwanza ni notisi ya kushindwa kulipa, inayompa mkopaji siku 45 za kazi arekebishe. Zikipita bila malipo, notisi ya kuuza, siku 21 za kazi. Kanuni za mwaka 2012 zinataka tathmini ya nyumba isiyozidi miezi sita kabla ya mauzo, na benki ina wajibu wa kutafuta bei nzuri inayopatikana. Mweka rehani, mke au mume wake, au mwenye maslahi mengine anaweza kuiomba mahakama isimamishe mnada, na mahakama inaweza kumtaka aweke asilimia 30, ama ya thamani ya nyumba ikiuzwa kwa haraka, ama ya deni lililobaki. Kwa deni la milioni 60 hiyo ni milioni 18. Kwa mwanafunzi na mjane hizo si pesa za kuokota. Afadhali kwenda kwa wakili siku ya kwanza kuliko siku ya ishirini, kwa sababu mnada ukishapita, mnunuzi wa nia njema hulindwa na anayelalamika huachiwa kudai fidia tu.

Njia ya kaka wa pili ni ya mahakama tangu mwanzo. Yeye hadai mkopo. Anasema: sitaki tena ushirika, nyumba ya vyumba vinne haikatiki mafungu 40, iuzwe tugawane. Majirani zetu wa Kenya wameliandika hili waziwazi katika Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, na kwa kuwa tunao ndugu wengi kutoka huko hapa chuoni, inafaa walijue. Ardhi ya washirika ikiwa haigawanyiki, au kuigawa kutaiharibu, na washirika hawakuelewana, mahakama huithamini na kuamuru iuzwe, na mshirika mwenyewe ana haki ya kununua. Huko pia mwenye fungu haruhusiwi kulishughulikia kwa mtu wa nje bila idhini ya maandishi ya wenzake, ingawa wao nao hawaruhusiwi kuinyima bila sababu ya maana.

Mafakihi hawakukubaliana katika hili. Kwa Malik na Ahmad, mshirika katika kitu kisichogawanyika anaweza kudai kiuzwe chote, kwa sababu fungu likiuzwa peke yake hupungua bei. Masha-fi'i hawamlazimishi asiyetaka kuuza. Kwao washirika hutumia kwa zamu, na wakishindwana kadhi hukikodisha na kuwagawia kodi. Mama wa yule dada, ambaye hataki kusikia neno mnada, ana madh-hab nzima nyuma yake! Lakini kauli hiyo inamfaa nyumba ikiwa huru. Penye rehani, jamhuri wanasema mdaiwa akikataa kulipa, hakimu humuuzia kilichowekwa rehani. Abu Hanifa peke yake alisema hakimu amfunge mpaka auze mwenyewe, na wanafunzi wake wawili wakuu hawakumfuata katika hilo. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliuza mali ya Muadh bin Jabal (r.a.) ili wadai wake walipwe. Wanachuoni wa hadithi wameizungumza isnadi yake, na wengi wameifanyia kazi.

Jambo moja hawakuhitilafiana: mdai hawezi kusema muda umepita, basi nyumba ni yangu. Anachostahiki ni deni lake ndani ya bei. Kinachozidi kina wenyewe.

Kesi bila benki ni nusu ya kesi

Nilipoisoma kesi ya kaka wa pili niliona kasoro ambayo ingewagharimu wote. Alikuwa amewashtaki mama, kaka na dada yake. Benki hakuitaja kabisa.

Amri ya mahakama ya kuuza nyumba ya washirika haifuti rehani iliyosajiliwa. Nyumba inauzwa na mzigo wake. Mnunuzi mwenye akili atakwenda ofisi ya ardhi kutafuta kumbukumbu, ataona jina la benki, na ama ataondoka ama atashusha bei kuliko hata deni lenyewe. Ndiyo maana benki lazima iunganishwe kwenye kesi, ilete taarifa ya deni mpaka siku ya malipo, na amri yenyewe itaje kwamba ikilipwa kiasi fulani itatoa hati na kuifuta rehani. Kisha fedha zilizobaki ziwekwe mahakamani, wala zisipitie mkononi mwa ndugu yeyote, mpaka hesabu ya ndani ya familia iamuliwe. Bila ombi hilo la mwisho, hesabu ya ami ndiyo itakayofuatwa kwa sababu ndiyo nyepesi.

Njia hii ina faida nyingine. Kaka wa pili, kama ana uwezo, anaweza kuomba anunue yeye kwa bei ya tathmini. Katika zile milioni 200 tayari ana 70 zake. Atatafuta 130: milioni 60 za benki, 25 za mama, 35 za dada, 10 za kaka mkubwa, na gharama juu yake. Mama akipenda anaweza kuacha fungu lake ndani na kuendelea kukaa, na hapo zitatafutwa 105. Nilimweleza dada amfikishie kaka yake hesabu hiyo. Watu wakiona namba hupoa.

Saini ya mara ya pili

Nilimuuliza swali moja la mwisho: ulitia saini mkopo wa kiasi gani? Akajibu bila kusita, milioni 20. Nikamwonyesha notisi. Mkopo uliongezwa mwaka uliofuata ukafika milioni 50, na riba ikafanya mengine. (Juu ya riba yenyewe nimeandika toleo lililopita, sirudii. Itoshe kusema kwamba kati ya ndugu hao aliyeikubali ndiye anayeibeba.) Hakumbuki kuitwa benki mara ya pili.

Kwa kauli ya Shafi'i, aliyeazima kitu akiweke rehani kwa 20 akaweka kwa 50 amevuka mpaka wa ruhusa, na rehani haisimami. Mbele ya mahakama mambo hayakatiki kirahisi hivyo. Nyaraka nyingi za benki huwa na kifungu kinachofunga nyumba kwa fedha zote ambazo mkopaji atadaiwa sasa na baadaye, na aliyetia saini amefungwa nacho hata kama hakukisoma. Lakini kama kifungu hicho hakimo, au kama nyongeza ilihitaji waraka mpya na saini yake haipo au si yake, basi dai la benki juu ya mafungu ya watu watatu linaweza kupungua hadi ule mkopo wa kwanza. Hakuna anayeweza kulijibu hilo kwa kukisia. Inatakiwa nakala ya waraka wa rehani na kila nyongeza yake, na mtu aliyetia saini ana haki ya kuiomba.

Mtaniuliza, kwa nini wasiende kwa kadhi? Ibara ya 129 ya Katiba yetu inataja mahakama za kadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na ulezi. Rehani ya benki haimo. Sheikh anaweza kuwasaidia kugawa kinachobaki, na katika familia hii alisaidia.

Notisi ya yule dada ilikuwa na siku tisa za kazi alipoileta, zikabaki kumi na mbili. Jumatatu alikwenda kwa wakili wa msaada wa kisheria. Barua ya kudai nyaraka imeingia benki, na ombi la kuiunganisha benki na la kuweka fedha mahakamani limewasilishwa, kwa kukubaliana na kaka wa pili. Kaka mkubwa, mbele ya mama yake, sheikh na mashahidi wawili, ameandika kwa mkono wake kwamba deni ni lake na litoke kwenye fungu lake. Karatasi hiyo imeambatishwa kwenye jalada la kesi. Uamuzi juu ya ile saini ya pili bado unasubiriwa. Wallahu a'lam.